Chungu Kimoja: Kwa Nini Baba Anazidi na Mtoto Anapungua

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, mara hii ukurasa wetu hausemi juu ya kofia wala viatu vya usalama. Unasema juu ya sahani.

Asubuhi moja mama mmoja wa hapa Kolwezi aliingia dispansere pamoja na mume wake na mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu. Mume alikuja kwa uchunguzi wa kila mwaka, ule ambao kila dereva wa kamyoni kubwa la machimbo anapaswa kuupitia. Mtoto aliletwa kwa sababu ya kuharisha. Nilimpandisha baba juu ya mizani: kilo 92. Kwenye karatasi yake ya zamani, alipokuwa angali mtu wa beleshi, iliandikwa kilo 74. Nilimpima damu nikakuta 16 juu ya 10, ambayo imepita kipimo. Kisha nikazungusha utepe wenye rangi kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko: sentimeta 11.9. Wengi wenu mnaujua utepe huo. Kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano; chini ya 11.5 ni nyekundu, na mtoto wa nyekundu hatumrudishi nyumbani bila matunzo. Huyu alikuwa njano.

Mama alinyamaza kidogo, halafu akauliza: «Munganga, chungu changu ni kimoja. Namna gani baba anazidi na mtoto anapungua?»

Mimi si munganga. Ni msaidizi tu, niliyetoka shule ya ufundi, na munganga mwenyewe alikuwa chumba cha pili. Lakini swali lile lilinikaa kichwani, maana nyumba kama ile ziko nyingi katika mitaa yetu. Jibu lake liko katika mambo mawili: mafuta yaliyomo katika chakula, na wingi wa aina za chakula zilizowekwa mbele ya mtu. Mambo hayo mawili yanapandisha hesabu ya kalori bila mtu kutambua. Baba wa nyumba ile alikuwa ameyapata yote mawili kupita kiasi. Mtoto alikuwa ameyakosa yote mawili.

KALORI NA MAZUTA

Wewe uliye dereva unajua kwamba kamyoni haliendi kwa kelele, linaenda kwa mazuta. Mwili nao unaenda kwa nguvu inayotoka katika chakula, na nguvu hiyo tunaipima kwa kalori. Mwanamume mzima wa kilo karibu 65 anayefanya kazi ya kukaa anatumia kalori karibu 2500 kwa siku. Mtu yule yule akishika beleshi na nyundo kutwa nzima anahitaji karibu 3500. Lakini kuna tofauti moja kati ya mwili na kamyoni: tangi la kamyoni likijaa, mazuta yanamwagika chini na kila mtu anaona. Mwili haumwagi. Kinachozidi unakigeuza mafuta na kukiweka tumboni, shingoni na kwenye makalio.

Mwamerika mmoja, Wilbur Atwater, alifanya kazi miaka mingi mwishoni mwa karne ya 19 kupima nguvu iliyomo katika vyakula. Hesabu yake tunaitumia hadi leo, na ni fupi kuliko hesabu ya mshahara. Gramu moja ya wanga, yaani kile kilichomo katika unga wa mahindi, mihogo, wali na sukari, inatoa kalori 4. Gramu moja ya protini, ya samaki, nyama au maharagi, inatoa pia 4. Gramu moja ya pombe inatoa 7. Gramu moja ya mafuta inatoa 9.

Tafadhali rudi usome tena hiyo 9. Kijiko kimoja cha kulia mezani, kikijazwa mafuta ya mawese au mafuta mengine yoyote, kina kalori 120. Kupata 120 hizo kwa bukari, inakupasa kula zaidi ya gramu 100, yaani matonge kadhaa. Kijiko kinapita kooni bila kutafunwa, bukari inachukua nafasi.

TUMBO LINAPIMA UZITO

Watu wengi wanafikiri kwamba mtu akila chakula chenye nguvu nyingi atashiba mapema na kuacha. Ingekuwa hivyo, baba wa kilo 92 asingefika kilo 92. Mwili una njia zake za kuhesabu nguvu, lakini zinafanya kazi polepole. Pale mezani, mtu anaacha kula hasa kwa sababu tumbo limejaa, na tumbo linajaa kwa wingi na uzito wa chakula, siyo kwa kalori.

Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 1983 huko Marekani, wachunguzi waliwapa watu chakula cha namna mbili, kwa siku kadhaa kila namna. Namna ya kwanza ilikuwa na mafuta machache, mboga, matunda, nafaka na maharagi. Namna ya pili ilikuwa na mafuta mengi na vitu vitamu. Kila mtu aliruhusiwa kula hadi ashibe. Kwa namna ya kwanza walishiba na kalori karibu 1570 kwa siku. Kwa namna ya pili walifika 3000. Karibu mara mbili, na shibe ile ile!

Mwaka 1987 walifanya jaribio lingine kwa wanawake 24. Safari hii vyakula vilifanana machoni na mdomoni, ila mafuta yaliyofichwa ndani yake yalitofautiana. Wanawake hawakuambiwa. Walikaa juma mbili kwa kila kiasi cha mafuta. Walipopewa chakula cha mafuta mengi waliingiza kalori zaidi ya kawaida. Walipopewa cha mafuta machache waliingiza pungufu. Na wingi wa chakula walichotia mdomoni ulikuwa karibu sawa wakati wote. Mwisho wa juma mbili hata mizani ilianza kuonyesha.

Sasa tulete mambo hayo hapa kwetu. Chukua sahani mbili za mchana. Sahani ya kwanza ni ya kantini siku nzuri: bukari gramu 500, viazi vya kukaanga gramu 150, paja la kuku la kukaanga, maharagi yenye mafuta, na kijiko cha mayonezi pembeni. Sahani ya pili: bukari ile ile gramu 500, kipande cha samaki wa Nzilo aliyepikwa kwa nyanya na kitunguu na nusu kijiko cha mafuta, na lengalenga ya karanga. Ukiziweka juu ya mizani, uzito wake ni karibu sawa, na tumbo litajaa vilevile. Nilizihesabu kwa kalamu. Ya kwanza ina zaidi ya kalori 1600. Ya pili haifiki 950.

Bia nayo usiisahau kwa sababu eti ni maji. Chupa kubwa moja ina kalori karibu 300, na hakuna mtu aliyepunguza bukari kwa sababu amekunywa bia. Kinyume chake, bia inaita michopo.

MDOMO UNAOCHOKA NA MDOMO UNAOAMKA

Jambo la pili ni wingi wa aina. Hili watu wanalijua kwa macho lakini hawalitambui kwa jina.

Fikiri juu ya siku ya ndoa. Umekula bukari na samaki, umesema «Nimeshiba kabisa», umenawa mikono. Mara wanapitisha wali na kuku. Unachukua kidogo «kwa heshima ya wenyeji». Halafu michopo ya mbuzi na pilipili. Halafu keki na soda. Ulikuwa umeshiba au hukushiba? Ulishiba bukari na samaki. Mdomo wako ulikuwa umechoka na ladha ile, na ladha mpya ilipokuja uliamka.

Barbara Rolls na wenzake walilipima jambo hili Uingereza, na mwaka 1981 walitangaza waliyoyaona. Waliwapa watu mikate iliyojazwa vitu katikati. Siku moja mikate yote ilikuwa na kitu kimoja ndani. Siku nyingine kulikuwa na mikate ya namna nne tofauti. Siku ya namna nne watu walikula theluthi moja zaidi. Walipouliza watu juu ya utamu wa vyakula, waliona kwamba utamu wa chakula ulichokwisha kula unashuka, na utamu wa chakula ambacho hujakigusa unabaki pale pale.

Hili si ugonjwa. Mwili uliumbwa hivyo ili mtu asikae na mihogo peke yake siku zote, akatafuta pia majani, samaki, uyoga, vinkubala na matunda. Kwa babu zetu ilikuwa msaada. Mbele ya meza ya kantini yenye sufuria nane, au kwenye kona ya barabara ambapo vitumbua, soseji, biskuti na soda vinauzwa pamoja, msaada huo unageuka.

Na tena vyakula vya kiwanda vimetengenezwa kwa kuunganisha mambo hayo mawili, mafuta na ladha nyingi. Mwaka 2019 huko Marekani watu 20 walifungiwa hospitalini, wakapewa juma mbili chakula cha kiwanda na juma mbili chakula cha kawaida kilichopikwa. Katika siku za chakula cha kiwanda kila mmoja alikula kalori karibu 500 zaidi kwa siku, na uzito ulipanda karibu kilo moja.

Pengine utasema: basi, munganga, tule kitu kimoja tu, bukari na sombe, sombe na bukari, tukonde. Hapana! Sikiliza kwanza habari ya Kuito.

Reli ya Benguela inayotoka bahari ya Lobito hadi kwetu Kolwezi inapita karibu na mji wa Kuito, huko Angola. Vita vilipouzunguka mji ule, watu waliishi kwa mahindi ya msaada, karibu mahindi tu. Katika miaka ya 1999 na 2000 wakapatwa na pelagra. Ngozi ya shingo, mikono na miguu, pale jua linapopiga, inakuwa nyeusi na kubanduka, tumbo linaharisha, mwishowe akili inavurugika. Sababu yake ni kukosa vitamini moja, niasini, ambayo mwili hauipati vizuri katika mahindi, ila iko katika karanga, samaki na nyama. Watu wale hawakukosa tu wingi wa chakula. Walikosa aina.

Kwa hiyo swali si «aina nyingi au chache», ni aina nyingi za kitu gani. Uchunguzi mmoja wa Marekani wa mwaka 1999 ulionyesha vizuri: watu waliokula aina nyingi za vitu vitamu, vitafunio na vyakula vizito walikuwa wanene zaidi, watu waliokula aina nyingi za mboga walikuwa wembamba zaidi. Lengalenga leo, matembele kesho, sombe, kabichi, biringanya, uyoga wakati wa mvua, embe wakati wa embe: zidisha unavyotaka, kalori zake ni chache na vitamini zake ni nyingi. Lakini kuku wa kukaanga, na soseji, na viazi vya kukaanga juu ya sahani moja, hizo ni njia tatu za kuingiza mafuta yale yale.

BELESHI LA ZAMANI, SAHANI YA ZAMANI

Wazee wetu walikula mafuta, nao hawakunenepa. Ndiyo. Tujue pia walifanya nini.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na kwa miaka mingi wafanyakazi wake walipewa posho ya chakula: unga, nyama au samaki, mafuta ya mawese, karanga, chumvi. Posho hiyo iligawanywa kwa juma. Ndugu zetu wa Kilingala hadi leo wanaita juma «poso». Haikuwa upendo tu: mwenye kampuni alijua kwamba mtu wa beleshi asiyekula hatoi shaba. Chakula kilipimwa kwa ajili ya mtu anayebomoa jiwe kwa mikono yake.

Leo beleshi limekuwa mashine. Mwenzetu wa kamyoni anakaa kwenye kiti saa nane au kumi na mbili, mkono mmoja kwenye usukani, baridi ya mashine inampulizia. Kazi yake ni ngumu, sikatai. Inachosha macho na kichwa, na kosa moja linaua. Lakini haichomi kalori kama beleshi. Mwili wake unahitaji 2500 naye bado anakula 3500 za baba yake, akiongeza juu yake bia na vitumbua vya asubuhi.

Na tumbo kubwa kwetu bado linasifiwa. Mtu akinenepa wanasema amepata cheo. Ndugu, kwenye dispansere cheo hicho tunakisoma kwa mashine ya kupima damu na kwa sukari katika mkojo. Dereva mwenye damu iliyopanda, ambaye hajui, anaweza kuanguka juu ya usukani, na kamyoni lina tani nyingi nyuma yake. Ndiyo sababu ukurasa wa usalama unasema juu ya viazi vya kukaanga.

Namwacha pembeni mtu anayechimba kwa mikono, na mtu wa kubeba mifuko. Yeye bado yuko katika hesabu ya zamani. Asiogope mafuta wala karanga. Akipunguza, atapungua misuli.

SASA TUMTAZAME MTOTO

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu baba wa kilo 92 anaweza kungoja mwezi mmoja, mtoto wa njano hawezi. Uchunguzi wa taifa wa miaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba katika watoto 100 wa Kongo wasiofika miaka mitano, 43 walikuwa wafupi kuliko umri wao. Wengi wao wana mama mwenye bidii na chungu kinachochemka kila siku.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ambaye bado ananyonya anahitaji kalori karibu 550 kwa siku kutoka chakula, mbali na maziwa ya mama. Tumbo lake ni dogo. Mtoto wa kilo 10 anaingiza karibu mililita 300 kwa mara moja, kama kikombe kikubwa, basi. Ukimwongeza, atatapika au ataukunja mdomo.

Nilimwuliza yule mama anampa nini mtoto. Uji wa mahindi asubuhi, uji mchana, na jioni anakula na wakubwa. Uji ule nilimwomba anieleze anavyoupika. Unga kidogo, maji mengi, ili upite vizuri. Uji wa namna hiyo una kalori karibu 40 katika mililita 100. Basi hesabu: kikombe cha mililita 300 ni kalori 120. Mara tatu kwa siku ni 360. Mtoto anashiba kweli kila mara, tumbo lake ni gumu kama ngoma, mama anaona ameshiba na moyo wake unatulia. Lakini anakosa karibu 200 kila siku, na juu ya hayo anakosa protini na vitamini. Akiharisha siku tatu, utepe unashuka.

Unaona, ndugu? Ni kanuni ile ile ya tumbo linalopima uzito. Baba tumbo lake limejaa kitu kizito kwa kalori, mtoto tumbo lake limejaa maji. Na mdomo wa mtoto nao unachoka: uji uleule, ladha ileile, asubuhi na mchana, hata chakula ambacho angekiweza anakiacha.

Kwa hiyo kile tunachompunguzia baba, tumwongezee mtoto. Katika kikombe kile kile cha uji, upike mzito kidogo, halafu utie kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya mawese: kalori 40. Tia kijiko kikubwa kimoja cha karanga zilizotwangwa laini: kalori karibu 90. Kikombe kimeongezeka kidogo tu, lakini kutoka 120 kimefika 250. Mara tatu ni 750. Hata akiacha robo, anabaki juu ya 550. Watengenezaji wa ile dawa ya chakula tunayowapa watoto wa nyekundu walitumia njia hiyo hiyo: karanga, mafuta, maziwa ya unga, sukari na vitamini, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1996. Kifuko chake ni cha gramu 92 tu, nacho kina kalori 500. Dawa hiyo ni ya wagonjwa, haiuzwi sokoni, na ukiiona inauzwa, mtu ameiiba kwa mtoto fulani.

Mafuta ya mawese mekundu yana faida nyingine, rangi yake yenyewe. Mwili unaigeuza vitamini A, ya macho na ya kupigana na magonjwa. Wako akina mama wanaoyachoma mafuta kwanza hadi yawe meupe na moshi kujaa jikoni. Rangi ikienda, vitamini imekwenda nayo. Na majani ya sombe au lengalenga bila tone la mafuta hayampi mtoto vitamini yote iliyomo, kwa sababu vitamini hiyo inapita mwilini ikichukuliwa na mafuta.

Upande wa aina, usimnunulie mtoto biskuti. Dagaa wakavu, wale tunaowaita ndakala, waoshe, wakaushe tena na kuwatwanga wawe unga. Kijiko kimoja katika uji au katika sombe. Yai siku unapolipata. Avoka iliyopondwa wakati wake, maana ndiyo tunda lenye mafuta, na mtoto anaipenda. Maharagi yaliyomenywa na kupondwa. Vinkubala vilivyotwangwa, kwa nyumba zinazovipenda (mimi mwenyewe sikulelewa navyo, lakini wazee wa kwetu wananicheka). Leo hiki, kesho kile, ili mdomo uamke. Karanga chagua kwa mkono moja moja: iliyokunjamana, nyeusi au yenye ukungu itupe, kwa maana ukungu huo una sumu inayoharibu ini, na kuchemsha hakuiondoi.

Jambo la mwisho juu ya mtoto ni sahani yake mwenyewe. Akila katika sinia moja na kaka zake wakubwa, vidole vyao ni vya mbio kuliko vyake, na samaki huisha yeye akiwa bado anavuta bukari. Mpakulie pembeni, kaa naye, umngoje. Na akiharisha usimnyime chakula. Mpe maji ya chumvi na sukari ya dispansere, umnyonyeshe, na umpe uji wake wenye mafuta mara nyingi kwa kidogo kidogo.

CHUNGU KIMOJA, VIJIKO VIWILI

Mama yule aliniambia: «Nitapika vyungu viwili? Makala yanauzwa ghali.» Alikuwa na haki. Hatukupika vyungu viwili.

Tulikubaliana hivi. Mafuta hayamwagwi tena kutoka bidoni moja kwa moja. Yanapimwa kwa kijiko. Nyumba yake ni ya watu sita, na mboga ya jioni inapikwa kwa vijiko vitatu, badala ya kikombe kizima kama zamani. Mboga ikiiva, sehemu ya mtoto inatolewa kwanza, na ndani yake kinaongezwa kijiko chake kidogo cha mafuta na karanga. Kinachobaki ni cha wakubwa. Baba anapewa mboga ya majani nusu ya sahani, bukari robo, samaki au maharagi robo. Siku za kazi, kama amekula kantini, jioni anakula kidogo. Kantini achague kitu kimoja cha kukaanga, kisiwe vitatu. Bia imebaki kwa siku ya mapumziko, chupa moja, na hilo ndilo tulilobishana zaidi.

Tulizungumza pia juu ya mwezi. Wengi wetu tukipata mshahara tunakula nyama, kuku na soda kwa juma moja kama ndoa isiyokwisha, halafu kuanzia tarehe 20 ni bukari na chumvi. Juma la kwanza linamnenepesha baba, juma la mwisho linamkondesha mtoto. Siku ya mshahara mama sasa ananunua kwanza kilo mbili za karanga na kopo la ndakala, anaviweka juu ya kabati, na vile ni vya mtoto hadi mwisho wa mwezi. Nyama inafuata baadaye.

Walirudi baada ya juma kumi. Mkono wa mtoto ulikuwa sentimeta 12.6, kijani, naye alivuta utepe wangu akataka kuula. Baba alikuwa kilo 88, damu yake 14 juu ya 9, na munganga anaendelea kumfuata kila mwezi. Alilalamika kwamba sombe ya siku hizi haing'ai. Mkewe akamjibu kwamba mng'ao umehamia kwa mtoto.

Utepe wa mkono unapimwa bila malipo kila siku ya juma asubuhi, kwa mtoto yeyote kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, awe wa mfanyakazi au wa jirani. Baba naye akimsindikiza mtoto, apande mizani.